Adui Mwombee Njaa: Chakula cha Mfungwa kama Adhabu katika Historia ya Pemba na Nchi Jirani

Utangulizi

Waswahili wana methali isemayo, "Adui mwombee njaa." Wahenga walijua kwamba mtu shujaa aweza kustahimili fimbo kwa muda mrefu, lakini tumbo tupu humdhoofisha hata akatii asilolitaka. Katika makala hii tunakusudia kuchunguza jinsi ujuzi huu ulivyotumiwa na wenye mamlaka juu ya watu waliofungwa, yaani jinsi chakula kilivyopunguzwa, kilivyoharibiwa ladha, au kilivyogawanywa kwa ubaguzi ili kiwe chombo cha nidhamu. Tutaanza na kisiwa cha Pemba, kisha tutatazama magereza ya kikoloni ya Afrika Mashariki na kambi za Kenya, na hatimaye sheria za kimataifa za wakati wetu. Mwishoni tutauliza swali linalotuhusu sisi tulioitwa katika utumishi wa Neno: je, chakula ni kitu ambacho binadamu ana ruhusa ya kukigeuza kuwa fimbo?

Ni lazima tutofautishe mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni chakula kibaya kinachotokana na umaskini wa gereza: fedha hazitoshi, kuni hazitoshi, na maharage hayakuiva. La pili ni chakula kinachogawanywa kwa madaraja, huyu apate wali na yule apate uji. La tatu ni chakula kinachofanywa kibaya au haba kwa makusudi, ili anayekula aumie na kujuta. Jambo la tatu ndilo hasa somo letu, lakini historia inaonyesha kwamba mara nyingi limepata maficho nyuma ya mawili ya kwanza.

Pemba, kisiwa cha neema

Waarabu waliiita Pemba al-Jazira al-Khadra, yaani Kisiwa cha Kijani, na jina hilo halikuwa la kusifu bure. Mvua ni nyingi na mabonde yake hustawisha mpunga. Katika karne ya 16 na ya 17 Mombasa ilitegemea sana mchele wa Pemba, na Wareno waliojenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593 walikula mchele huo huo. Hatuanzi basi na nchi ya jangwa ambako njaa ni ajali ya kawaida. Tunaanza na nchi ya shibe, na kwa sababu hiyo njaa iliyoonekana humo inahitaji maelezo.

Katika karne ya 19 mikarafuu ilipandwa Unguja na Pemba. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo inayotoa karafuu nyingi zaidi. Kazi ilifanywa na watumwa. Desturi ya mashamba hayo ilikuwa kwamba mtumwa alipewa kipande cha ardhi apande muhogo na mazao mengine ya kujilisha, na kwa kawaida aliachiwa siku mbili katika juma, Alhamisi na Ijumaa, ili akishughulikie. Kwa juu juu utaratibu huu ulikuwa na huruma. Lakini yule aliyetoa kipande cha ardhi na siku za kukilima ndiye aliyeweza kuvitwaa vyote viwili. Taarifa za miaka ya 1890 zinataja watumwa wa Pemba waliotiwa pingu kwa kosa la kutoroka, wakaachwa na chakula haba mno. Mwaka 1898 Henry Stanley Newman, wa jumuiya ya Wakristo wa Quaker, alichapisha kitabu kuhusu hali ya watumwa wa Unguja na Pemba, baada ya jumuiya yake kuanzisha misheni huko Banani, karibu na Chake Chake, mwaka 1897.

Mwaka huo huo wa 1897, tarehe 6 Aprili, Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa. Ni tukio kubwa, nasi hatulipuuzi. Hata hivyo amri hiyo ilikuwa na sharti: aliyeomba uhuru wake mahakamani alipaswa kuonyesha kwamba ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo aliweza kuhesabiwa kuwa mzururaji. Serikali iliogopa kwamba watu huru wangeyaacha mashamba na karafuu zingeozea mitini. Kwa hiyo mtu aliyetoka katika mamlaka ya bwana aliingia katika mamlaka ya hakimu. Zamani bwana ndiye aliyeamua nani ale na nani ashinde na njaa. Sasa uamuzi huo ulianza kuandikwa katika vitabu vya serikali.

Kanuni iliyotoka Uingereza

Ili kuelewa vitabu hivyo hatuna budi kutazama mahali vilikotoka. Mwaka 1834 Uingereza ilitunga sheria mpya ya maskini, na msingi wake ulikuwa kwamba hali ya anayelishwa na serikali isiwe bora kuliko hali ya kibarua wa chini kabisa aliye huru. Fikra hiyo iliingia pia magerezani. Mwaka 1863 kamati ya Baraza la Malodi, iliyoongozwa na Lodi Carnarvon, ilipendekeza gereza liwe la kazi ngumu, malazi magumu na mlo mgumu, na sheria ya mwaka 1865 ikaufuata mwelekeo huo. Mlo haukutakiwa kuua. Ulitakiwa uchoshe, usiwe na ladha, urudiwe siku baada ya siku, ili tumbo lenyewe limkumbushe mfungwa kosa lake. Juu ya mlo huo wa kawaida kulikuwa na mlo wa adhabu, yaani mkate na maji, kwa mfungwa aliyevunja kanuni za ndani. Adhabu hiyo iliendelea katika magereza ya Uingereza hata miaka ya 1970.

Kanuni hii ilivuka bahari pamoja na bendera. Sheria za magereza katika makoloni ya Waingereza ziliruhusu mfungwa mkaidi awekwe peke yake na kupunguziwa chakula kwa idadi maalumu ya siku. Yaani kwenye orodha moja, pamoja na viboko na kupotezewa msamaha wa kifungo, palikuwa na sahani.

Huku kwetu kuliongezwa jambo ambalo Uingereza yenyewe haikulihitaji, yaani rangi. Katika magereza ya Kenya ya kikoloni kulikuwa na orodha tofauti za chakula kwa Wazungu, kwa Waasia na kwa Waafrika. Mzungu alipata mkate, na Mwafrika alipata posho ya unga wa mahindi na maharage. Watetezi wa orodha hizo walisema kwamba kila mtu anapewa chakula alichokizoea kwao. Lakini mazoea hayo yalikuwa yameandikwa na serikali yenyewe. Zanzibar nayo ilionja jambo linalofanana na hilo nje ya kuta za gereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mgao wa chakula uliendeshwa kwa kufuata asili za watu, na mchele, ambao ndio chakula cha heshima kwa watu wa visiwani, haukuwa haki ya kila mmoja. Watu waligundua kwamba jina la kabila lililoandikwa katika kadi laweza kuamua kinachoingia chunguni.

Njaa ya kisiwa

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilifanya mengi ambayo maskini wa Unguja na Pemba waliyangojea kwa muda mrefu: ardhi iligawanywa, na elimu na matibabu vilitolewa bure. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa na upungufu mkubwa wa chakula. Serikali ilikuwa na akiba kubwa ya fedha za kigeni iliyotokana na karafuu, lakini ilizuia uagizaji wa vyakula kutoka nje kwa jina la kujitegemea. Watu walipanga foleni kwa mgao mdogo, na wengi waliishi kwa muhogo. Baada ya Mzee Karume kuuawa tarehe 7 Aprili 1972, mrithi wake, Aboud Jumbe, aliulegeza utaratibu huo.

Hapa mwanahistoria anapaswa kuwa mwangalifu. Sera hiyo ilihusu visiwa vyote viwili, na nia iliyotangazwa haikuwa kumwadhibu mtu yeyote. Hata hivyo Wapemba wengi walikuwa wamevipigia kura vyama vilivyopinduliwa, na baada ya Mapinduzi baadhi yao walichapwa bakora hadharani. Kwa hiyo wazee wa Pemba wanapoyasimulia mambo ya wakati ule, bakora na njaa huja pamoja katika sentensi moja. Nia ya mtawala ni jambo moja. Namna sahani tupu inavyosomwa na mwenye kuinamia sahani hiyo ni jambo jingine. Mtu akiona nguvu ile ile iliyoshika bakora ndiyo iliyoshika pia ufunguo wa ghala, hatakosa kuunganisha mambo hayo mawili, hata kama hakuna amri iliyoyaunganisha.

Kambi za Kenya

Nchi jirani inatuonyesha jambo hilo likiwa amri kabisa. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Kenya mwezi Oktoba 1952, maelfu ya watu walioshukiwa kuwa Mau Mau waliwekwa katika kambi, nyingine zikiwa Manyani na katika kisiwa cha Manda karibu na Lamu. J. M. Kariuki, aliyefungwa katika kambi nyingi kati ya mwaka 1953 na 1960, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1963, na humo anasimulia jinsi wafungwa waliokataa kufanya kazi walivyopunguziwa posho. Kazi na chakula vilifungwa kamba moja: asiyelima asile. Kwa masikio ya Mkristo maneno hayo yanafanana na yale ya Mtume Paulo kwa Wathesalonike (2 The. 3:10), na yawezekana baadhi ya maofisa walidhani kweli kwamba wana Maandiko upande wao. Lakini Paulo aliwaandikia watu huru waliokataa kazi kwa uvivu huku wakila kwa ndugu zao. Hakuwaandikia watu waliofungiwa wasiweze kujitafutia chochote. Asiye na mlango wa kutokea hawezi kuhukumiwa kwa sheria ya mwenye shamba.

Mwisho wa njia hiyo ulionekana Hola, kando ya mto Tana, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipouawa kwa kupigwa baada ya kukataa kazi. Tangazo la kwanza la serikali lilidai kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka katika gari la maji. Uchunguzi uliufichua uongo huo, na Bunge la Uingereza likalijadili tukio hilo kwa aibu.

Afrika Kusini nayo iliutumia mlo kwa njia zote mbili tulizozitaja. Katika kisiwa cha Robben, alikofungwa Nelson Mandela kuanzia mwaka 1964, Wahindi na machotara walipewa mkate na sukari zaidi, na Waafrika hawakupewa mkate. Aliyevunja kanuni aliweza kutengwa na kupewa maji yaliyochemshiwa mchele tu, mara tatu kwa siku. Wafungwa wenyewe waliupiga vita ubaguzi huo wa sahani kwa miaka mingi, na jambo la kutafakari ni kwamba waliokuwa na mkate nao waliuhesabu kuwa tusi kwa wote.

Sheria za wakati wetu

Umoja wa Mataifa ulipotoa kanuni za chini za kuwatendea wafungwa mwaka 1955, ulidai chakula chenye kutosha kwa afya na nguvu, kilichopikwa na kuandaliwa vema. Lakini ndani ya kanuni hizo hizo adhabu ya kupunguza chakula iliachwa iendelee, mradi daktari athibitishe kwa maandishi kwamba mfungwa anaweza kuistahimili. Ilichukua miaka 60 kuuziba mlango huo. Tarehe 17 Desemba 2015 Baraza Kuu lilipitisha kanuni zilizorekebishwa, zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela, na kanuni ya 43 inakataza moja kwa moja kupunguza chakula au maji ya kunywa kuwa adhabu. Ni haki kwamba kanuni hizo zina jina la mtu aliyeyajua maji ya mchele.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la nchi maskini au la wakati wa giza tu. Huko Marekani, Mahakama Kuu iliamua mwaka 1978 kesi iliyotoka Arkansas, ambako wafungwa waliotengwa walilishwa uji mzito wa nyama, viazi, siagi, sharubati, mboga na mayai vilivyopondwa pamoja na kuokwa, na kiasi cha kutwa hakikufikia kalori 1000. Katika majimbo mengine uliendelea kutumika mkate wa nidhamu, yaani vyakula vya kawaida vilivyosagwa pamoja na kuokwa bila ladha. Watetezi wake walisema kwamba virutubisho vyote vimo. Mahakama ya juu ya Vermont iliamua mwaka 2009 kwamba mkate huo ni adhabu, kwa hiyo mfungwa asipewe bila kusikilizwa kwanza. Uamuzi huo una maana kubwa kwetu. Unakiri kwamba chakula chaweza kuulisha mwili kikamilifu na bado kikamdhalilisha mtu.

Zanzibar yenyewe, baada ya Mapinduzi, iliacha jina la magereza na kuyaita Vyuo vya Mafunzo, na wanaotumikia kifungo huitwa wanafunzi. Jina hilo ni ahadi. Anayeitwa mwanafunzi anatazamiwa kutoka akiwa mtu mwingine, na hakuna mwalimu anayeweza kudai kwamba njaa ni somo.

Tafakuri ya kitheolojia

Maandiko hayakunyamaza juu ya mlo wa adhabu. Mfalme Ahabu alipochukizwa na unabii wa Mikaya mwana wa Imla, aliagiza atiwe gerezani na alishwe chakula cha shida na maji ya shida, mpaka mfalme atakaporudi salama (1 Fal. 22:27). Tuangalie aliyeadhibiwa ni nani: ni mtu aliyesema kweli. Chakula kilipogeuzwa kuwa adhabu, kilitumiwa kumnyamazisha nabii. Ahabu hakurudi salama.

Kinyume chake ni Ebedmeleki, Mkushi aliyetumikia katika nyumba ya mfalme Sedekia (Yer. 38:7-13). Yeremia alikuwa ametupwa katika shimo lenye matope. Ebedmeleki alimwendea mfalme na hoja yake ilikuwa fupi: mtu huyu atakufa kwa njaa huko chini. Hakuanza kwa kujadili kama Yeremia ana hatia au hana. Mwafrika huyu anastahili kukumbukwa kila tunapofundisha huduma ya magerezani, kwa kuwa alikuwa mtumishi ndani ya mfumo wenyewe, kama walivyo askari wengi Wakristo leo, na alitumia nafasi yake kusema.

Martin Luther anatupeleka kwenye mzizi wa jambo. Akilieleza Ombi la Nne katika Katekisimo Ndogo, anafundisha kwamba Mungu huwapa watu wote mkate wa kila siku, hata waovu, na hata bila maombi yetu. Tunaomba ili tutambue na kupokea kwa shukrani. Kila mtoto wa kipaimara hulisoma fundisho hili, lakini ni wachache wanaolifikisha kwenye lango la gereza. Kama mkate ni kipawa ambacho Mungu mwenyewe hakukifunga kwa wema wa mpokeaji, basi serikali inayompunguzia mwovu mkate kwa sababu ya uovu wake inatumia kipimo ambacho Mungu amekataa kukitumia. Serikali imepewa upanga (Rum. 13:4). Haikupewa Ombi la Nne. Aidha, katika Katekisimo Kubwa, akiifafanua Amri ya Tano, Luther anamhesabu kuwa muuaji yule amwonaye mwenye njaa asimlishe. Ni zaidi sana kwa yule aliyeusababisha upungufu huo na kuuandika katika kitabu cha adhabu.

Dietrich Bonhoeffer, ndugu yetu katika imani ya Kilutheri, alitiwa katika gereza la Tegel mjini Berlin mwezi Aprili 1943. Baadaye aliandika taarifa kwamba asubuhi ya kwanza mkate mkavu ulitupwa ndani ya chumba chake, akauokota sakafuni. Mkate ulikuwapo, kilichoondolewa ni mkono wa kuupokea. Sisi tunaoshika Sakramenti twajua uzito wa mkono unaotoa mkate. Usiku ule aliotolewa, Bwana wetu aliketi mezani, na mkono wa msaliti ulikuwa pamoja naye mezani pale (Lk. 22:21). Yesu alimwambia ukweli Yuda, lakini hakumwondolea sahani.

Wajibu wetu

Wapo wanaouliza, tena kwa haki, kwa nini mwizi ale vizuri wakati mkulima aliyeibiwa analala na njaa. Swali hili ndilo lile la mwaka 1834, na uchungu wake ni wa kweli. Jibu letu si kwamba mwizi ale zaidi ya mkulima. Jibu ni kwamba njaa ya mkulima ni kosa linalopaswa kuondolewa, na kosa halifai kuwa kipimo cha haki. Waswahili wenyewe, licha ya kumwombea adui njaa, walisema pia, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi mno huko Pemba, wana fundisho katika Kurani (76:8) linalowasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa. Katika jambo hili tunaweza kwenda langoni pamoja nao.

Mchungaji anayetembelea gereza asiridhike na kuhesabu waliobatizwa. Aulize walikula nini jana, na kama yupo aliyetengwa naye alikula nini. Aseme na mkuu wa gereza kwa heshima na kwa faragha kwanza, akikumbuka kwamba askari naye hupokea posho ndogo. Kanuni ya 43 aifahamu kama anavyoufahamu utaratibu wa ibada.

Tena tujitazame. Katika shule za bweni zilizo chini ya makanisa mwanafunzi mkorofi aweza kunyimwa chakula cha jioni. Katika nyumba za Wakristo msichana wa kazi aliyevunja sahani aweza kuambiwa leo hutakula. Hatuwezi kuikemea serikali kwa mlo wa adhabu ikiwa sisi wenyewe tunaupika.

Hitimisho

Tumeona kwamba Pemba, nchi ya mpunga, ilijua njaa ya pingu, mgao wa kabila, na foleni ya muhogo. Na kwamba magereza na kambi za nchi jirani ziliigeuza njaa kuwa kifungu cha sheria. Tumeona pia kwamba mataifa yalichelewa hadi mwaka 2015 kukiri jambo ambalo Katekisimo Ndogo ilikwisha kulifundisha mwaka 1529. Lugha yetu inatumia neno moja kwa saumu na kwa minyororo: huyu amefunga, yule amefungwa. Nabii Isaya aliyakutanisha mawili hayo aliposema kwamba saumu aipendayo Bwana ni kufungua vifungo vya uovu na kumgawia mwenye njaa chakula (Isa. 58:6-7). Kwaresima inapofika na sharika zetu zinapotangaza kufunga, kile kisicholiwa mezani petu kipelekwe gerezani, nasi twende nacho.